Nungu Alilala Chali

Mimi nina mdomo, silifichi hilo. Mume wangu alianza kuniita Nungunungu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu nikikasirika, alidai, hakuna pa kunishika. Baadaye akalifupisha. "Nungu, chai ipo?" "Nungu, miwani yangu umeiweka wapi?" Na miwani iko kichwani pake, kama kawaida. Tangu afariki hakuna tena wa kuniita hivyo. Kazini mimi ni mama, au bibi wa stoo, na wapo wanaothubutu kuniita mzee, Mungu awasamehe. Jina langu la nyumbani limebaki kwa mnyama.

Mnyama mwenyewe yuko ukumbi mkubwa wa makumbusho yetu, ukiingia tu, mkono wa kulia. Ni dinosaria wa deraya. Mgongo mzima umefunikwa vibamba vya mfupa vilivyopangana kama vigae vya paa, na mabegani ana miiba minne, kila mmoja urefu wa mkono wangu. Mume wangu ndiye aliyemchimba, ndiye aliyemsimamisha juu ya vyuma, na ndiye aliyeandika kwamba huyu ni mnyama mpya ambaye hajawahi kuonekana. Kilichomfanya awe mpya ni ile miiba. Ndugu zake karibu wote miiba yao hulala kuelekea nyuma. Ya huyu inaelekea mbele, utadhani anakutafuta wewe. Basi marehemu akampa jina la kitaalamu linaloanza na Nungu, na siku ya kufunua pazia akaninong'oneza sikioni, "Umemwona? Ni wewe mtupu." Nilimfinya, lakini nilicheka.

Nilijua pia jina lile lilikuwa la kuniomba radhi, ingawa hakulisema hivyo. Mwaka aliokuwa machimboni akimtoa mnyama huyo ndio mwaka nilioharibikiwa na mimba. Ilikuwa ya kwanza, na haikufuata nyingine. Nililazwa hospitali peke yangu, habari zikapelekwa machimboni, na yeye akafika kesho yake, plasta ya kufungia mifupa imemgandia kwenye nywele na viatu vimejaa tope. Nilikuwa nimekwisha kulia mpaka basi. Na dereva aliyemleta, katika kunipa pole, akaropoka kwamba wamechelewa kidogo kwa sababu mzee alimaliza kwanza kuweka alama za mifupa.

Lo! Hilo neno lilinikaa kooni. Mimi navuja damu huku, yeye kule anaandika herufi. Miaka yote ya ndoa yetu, tukigombana, hata kama ugomvi ni wa chumvi kwenye mchuzi, mwisho wake nilimrudisha pale pale. Naye jibu lake lilikuwa moja.

"Niliacha kila kitu nikaja, Nungu. Mbona huamini?"

"Hukuacha. Uliandika kwanza."

Hakuwa mtu wa kujitetea.

Sasa hayupo, na mimi ni mtunzaji wa stoo ya visukuku, stoo ile ile tuliyofanya kazi pamoja. Kila asubuhi kabla ya wageni kuingia napita ukumbini. Nampangusa mnyama vumbi puani, kazi ambayo si yangu, na mfagizi ameshaacha kunung'unika. Namweleza mambo madogo: bomba la jikoni linavuja tena, jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Namkumbuka mtu wangu mpaka mbavu zinauma. Wengine wana kaburi wanakwenda kukaa. Mimi kaburini nakwenda pia, lakini pale kuna jina lake. Kwa mnyama ndiko kuna jina langu, kwa mdomo wake yeye.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini barua ya yule binti ilinipandisha damu.

Ni binti wa kwetu aliyekwenda kusoma ng'ambo akabaki huko, anafanya kazi katika makumbusho yao. Aliandika kwa adabu zote. Makumbusho yao yana dinosaria wa deraya aliyechimbwa upande ule, na yeye ameanza kushuku kwamba wa kwao na wa kwetu ni mnyama mmoja. Jambo lenyewe linawezekana sana. Enzi za wanyama hao, kule kwao na huku kwetu ilikuwa nchi kavu moja. Bahari ilikuja kuingia kati baadaye. Mnyama angeweza kutoka huku mpaka kule kwa miguu, akila majani njiani, asiulizwe pasi na mtu. Tatizo ni sheria ya kazi yetu. Mnyama akigundulika ana majina mawili, linabaki lililotangulia kuandikwa, na la pili linafutwa. La kwao lilitangulia.

Alikuja na masanduku mawili ya nakala za plasta, na tabasamu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikamkaribisha chai. Sikumuuliza kama anatumia sukari.

Siwezi kumsingizia, alikuwa anajua kazi. Tulifunga ukumbi kwa siku moja, mafundi wakapanda ngazi na kuiteremsha ile miiba minne kutoka kwenye vyuma, mara ya kwanza tangu marehemu alipoifunga kwa mikono yake. Tukaitandaza stoo juu ya meza ndefu yenye sponji, pamoja na vibamba vya mgongo, kisha akapanga nakala zake kando. Asubuhi nzima tulikwenda kibamba kwa kibamba. Alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole gumba kwenye ukingo, kisha anahamia cha pili. Marehemu alifanya vile vile. Niligeuza uso nikajitia kutafuta kitambaa.

Vibamba vilifanana. Vishimo vya juu vilifanana, vijia vya mishipa ya damu vilifanana, hata ule ukingo uliokunjika kidogo karibu na nyonga ulikuwa huku na kule. Kila alipokuwa anasema "huyu hapa, mama," mimi naona herufi moja ya jina langu inang'oka. Lakini nilikuwa natulia. Nilikuwa namngoja kwenye miiba.

Alipofika kwenye miiba akasimama. Akachukua nakala yake ya mwiba wa bega la kulia, akaweka kando ya mwiba wetu wa kulia. Wa kwake ulilala nyuma, wa kwetu ukaelekea mbele. Akajaribu wa kushoto, ikawa hivyo hivyo.

"Haya," nikasema. "Unaona mwenyewe."

Aligeuzageuza nakala yake mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, haiwezekani kwamba ilibadilishwa? Ya kulia ikafungwa kushoto? Ukiigeuza hivyo, yote italala nyuma, na watakuwa sawa kabisa."

"Ibadilishwe na nani?"

"Sijui. Labda fundi aliyeweka alama machimboni."

"Fundi huyo alikuwa mume wangu."

Binti wa watu akaweka nakala chini. "Samahani sana, mama. Sikujua."

"Sasa ujue. Na ukae nikueleze huyo fundi alikuwa mtu wa namna gani."

Nikamweleza. Wanyama hawa wa deraya wana balaa lao: wengi hukutwa wamelala chali. Anafia mtoni, tumbo linajaa hewa, ule mgongo mzito unampindua, anaelea miguu juu mpaka azame. Basi mchimbaji akija anamkuta tumbo juu, na hapo wengi huchanganya kulia na kushoto, hata wenye vyeo vyao. Marehemu alikuwa na dawa yake. Alisimama upande wa mkia, akatazama kichwa. Mnyama akiwa kifudifudi, mkono wako wa kulia ndio upande wake wa kulia, huna haja ya kufikiri. Akiwa chali, marehemu alikunja mikono kifuani, kila kiganja bega la upande wa pili, ili mkono wake wa kushoto ukae upande wa kushoto wa mnyama. Ndipo aliposhika kalamu. Vibarua walimcheka: "Mzee ameanza kujikumbatia." Hakujali. Mifupa yote aliyochimba maishani mwake haikuwahi kurudishwa hata mmoja kwa kosa la upande.

"Nimeelewa, mama," alisema binti. "Basi ni wanyama wawili. Nitaandika hivyo." Na hakusema kwa kinyongo. Alifunga masanduku, akaniambia ndege yake ni kesho mchana, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake hotelini.

Nilipobaki peke yangu nilicheka kwa sauti. Nilitaka kwenda ukumbini mbio nimpe habari: mtu wangu, tumeshinda, jina lako halitoki. Lakini mimi siachi meza imetapakaa. Nikaanza kuvalisha miiba vitambaa ili mafundi wairudishe kesho. Nikaushika wa kwanza, nikaugeuza chini juu.

Ule upande wa ndani, unaolalia mwili, una bonde kama la kijiko. Ndani ya bonde kulikuwa na herufi ya marehemu, L ya kulia, yenye mkia mrefu aliouzoea. Kushoto aliandika S, maana K iko kwenye maneno yote mawili. Miaka yote ilikuwa imejificha nyuma ya chuma. Nilitabasamu kuiona. Stoo yetu huandika alama upande wa ndani kila mara ili zisionekane na wageni, kwa hiyo hapo pa kushtukia hapakuwepo.

Ila herufi ilikuwa nyekundu.

Stoo tunatumia wino mweusi. Kalamu nyekundu ya nta ni ya machimboni tu, kwa sababu inaandika hata juu ya mfupa wenye unyevu. Na machimboni huandiki upande wa ndani wala wa nje kwa kuchagua. Unaandika upande uliokutazama, kwani wa chini bado umo ndani ya mwamba. Nikageuza wa pili, wa tatu, wa nne. Zote nyekundu, zote bondeni. Mnyama wangu alikuwa amelala chali.

Hilo peke yake si kitu, nikajiambia. Alikuwa chali, basi alikunja mikono, akaandika sawasawa. Lakini macho yalishaona. Herufi zile zilikuwa zimelegea, moja imekatwa katikati na mkwaruzo, nyingine imeandikwa pembeni kabisa kama mtu aliyekuwa anapita. Marehemu aliandika herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, polepole, ulimi nje. Nikaiacha miiba mezani, nikatoka kwenda getini.

Dereva wa siku ile bado yupo. Macho yalipopungua nguvu alihamishiwa getini, analinda. Nilimkuta anamenya chungwa.

"Shemeji," nikamwambia, maana tangu zamani ndivyo tunavyoitana, "siku ile uliyomleta mume wangu hospitali. Alikunja mikono kabla ya kuandika?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Mikono gani?"

"Ile ya kujikumbatia."

"Akunje saa ngapi, shemeji? Mvua ilikuwa imeshatanda, na mto ulikuwa jirani. Wasipoweka alama na kufunika, kesho hakuna mnyama. Mimi nimewasha gari. Yeye anapita juu ya mifupa anaandika huku anakimbia, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, anapiga kelele, 'Usizime gari! Usizime gari!' Herufi ya mwisho sijui hata kama aliiona. Akaitupa kalamu, akaingia. Njia ikawa imekatika, ndiyo maana tukalala barabarani."

"Wewe uliniambia alimaliza kwanza kuandika."

"Si alimaliza?" Akaweka chungwa chini. "Hukuniuliza aliandika vipi."

Ningemjibu ningemtukana, na hakuwa na kosa. Nilirudi stoo nikajifungia, nikaulaza mkono wangu juu ya ule mwiba wa kwanza, nikalia. Nililia kwa hamu ya kumwona dakika moja tu, hata kwa mlango uliofunguka nusu, nimwambie neno moja. Alikuwa ameingia garini na kuacha kazi yake ya maisha imeandikwa kinyume, na hakujua. Aliamini mikono yake ilijikunja yenyewe kama siku zote. Baadaye alikaa na herufi zile akasimamisha mnyama mzima juu yake, akampa jina langu, na jina lenyewe likasimama juu ya ile haraka ya kunikimbilia mimi.

Na sasa aliyejua ni mimi peke yangu. Binti alishakubali. Ningefunga miiba vitambaa, mafundi wangeirudisha juu, herufi zingeingia nyuma ya chuma, na Nungu angebaki Nungu mpaka nami nife. Nani angenidai?

Nilipiga moyo konde asubuhi, nikampigia simu. "Mwanangu, kabla hujaenda uwanja wa ndege pitia hapa. Uje na miiba yako."

Alikuja anahema. Sikumpa maelezo. Nilichukua mwiba wenye L, nikauweka upande wa kushoto, wenye S nikauweka kulia, hivyo hivyo na ile mingine. Miiba yote minne ikalala nyuma. Akaweka nakala zake kando moja moja, na kila moja ikakaa na mwenzake mpaka kwenye ule mpindo mdogo wa ncha. Hakuna hata pa kuingiza ukucha.

Hakushangilia. Aliziona herufi, aliona rangi, akafahamu mwenyewe, maana si mjinga. Kisha akaniuliza lile ambalo sikutaka aulize. "Mama, Nungu ni nani? Kwenye maandishi yake marehemu alisema tu ni jina la mpendwa."

"Ni mimi."

Alizunguka meza akaja upande wangu. "Tunaweza kusema ushahidi hautoshi," alisema taratibu. "Herufi ni za zamani, na aliyeziandika hayupo. Hakuna atakayebisha. Mwacheni alivyo, mama."

"Ebo! Usinihurumie," nikamwambia, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mtu yule alikosea mara moja katika maisha yake. Mara moja! Na alikosea kwa sababu yangu. Unataka nikafiche hilo nyuma ya chuma?" Akainamisha kichwa. Nikamshika bega, kwa sababu na yeye machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Andika. Andika kila kitu, na uandike kwamba mvua ilikuwa inakuja na mke wake alikuwa amelazwa. Ila nina sharti moja. Kawaida alama ya kosa inafutwa kwa spiriti, inaandikwa mpya. Hizi hazifutwi. Ya kwako iandike pembeni, ndogo."

Aliandika pembeni, ndogo, kwa wino mweusi. Herufi zake ni nzuri. Siku hiyo chai yake niliitia sukari vijiko viwili bila kuuliza, akainywa yote, baadaye sana nikaja kujua kwamba hatumii.

Sasa kibao cha ukumbini kimebadilishwa. Kina jina la yule wa ng'ambo, refu, mimi mwenyewe ulimi unateleza nikilitamka. Mkurugenzi alinuna wiki nzima kwa sababu ya fulana zilizokwisha kuchapwa jina la Nungu. Miiba imelala nyuma, na mnyama anaonekana ametulia, hamtafuti mtu tena. Wageni wa zamani wakija huuliza, "Kwani Nungu yuko wapi?" Mlinzi huwaambia amekwenda likizo. Mimi najitia sikusikia.

Asubuhi bado napita. Nampangusa pua, namwambia bomba limetengenezwa na jogoo wa jirani ameliwa. Kisha nakwenda upande wa mkia, nasimama pale ambapo yeye angesimama, natazama kichwa. Nakunja mikono kifuani, kiganja hiki bega lile, kiganja kile bega hili, nabana.

"Ulikuja," namwambia. "Nimeamini."

Nabaki hivyo hivyo mpaka nisikie funguo za mlinzi mlangoni.